Damu ya watoto wenye Rett: isomwe nchini au iendelee kupelekwa nje?

Mikindani: Wazazi wa Mtwara na Lindi wanaijua hali hii, ugonjwa wa Rett, hata wasipojua jina lake: binti anakua vizuri, kisha kati ya miezi 6 na 18 maneno yanapotea na mikono inasuguana kama anayenawa. Jeni ambayo kasoro yake huleta ugonjwa huu, MECP2, ilijulikana mwaka 1999 kwenye maabara ya Huda Zoghbi, Houston. Ina eksoni (vipande vya jeni vinavyobaki kwenye ujumbe wake) 4 tu. Kwa nini tusiisome wenyewe?

Msimbati: Kusoma herufi hakutoshi. Kipande kizima cha jeni kikifutika kwenye kromosomu X moja kati ya mbili za binti, mashine inasoma ile X nyingine iliyo nzima na jibu linaandikwa "hakuna kasoro". Lazima kipimo cha MLPA kifuate, kihesabu nakala za kila kipande. Halafu damu za kusini zinafika na mabonge, watu hawajui hata kutikisa chupa.

Nanyamba: Hawajui? Chupa ya kofia ya zambarau, yenye EDTA ya kuzuia damu isigande, haitikiswi! Inageuzwa taratibu mara 8 hadi 10, sindano ikitoka tu. Ukitikisa unapasua chembe za damu. Umejifundisha wapi wewe?

Msimbati: Haya, kugeuza. Na kulaza chupa juu ya barafu tupu je? Damu inageuka barafu, chembe zinapasuka, hemoglobini inazuia PCR, yaani hatua ya kunakili DNA maabara. Wekeni kitambaa katikati.

Kilwa Kivinje: Mnagombea barafu bure. Barabara ilipokatika Somanga Mei 2024, DNA ndani ya zambarau ingevumilia siku kadhaa kivulini. Kinachooza haraka ni RNA, nakala ya muda ya jeni. Karatasi ya matone ya damu nayo ni nzuri, ila kwa unyevu wa pwani ikauke kwa muda wa saa 4, mbali na jua, ndipo ifungwe na vifuko vya kunyonya maji. DNA yake ni kidogo, MLPA inasumbua.

Mikindani: Jamani, swali! Mwaka 2007 Adrian Bird na wenzake kule Edinburgh waliiwasha upya jeni hii kwa panya na dalili zikarudi nyuma. Niuroni hazijafa! Protini inayotengenezwa na jeni hii ikizidi inadhuru pia, kwa hiyo tiba ya jeni inahitaji kipimo makini, na mtoto asiye na jibu la maabara hapokelewi kwenye majaribio.

Nanyamba: Kwanza afute "hawajui".

Msimbati: Nimefuta. Lakini kofia za kijani bado zinaletwa, na heparini iliyomo, dawa ya kuzuia damu kuganda, inazuia PCR.

Nanyamba: Kijani inachukuliwa pale zambarau zinapoisha stoo. Muulize anayeagiza chupa, mwache muuguzi.