Mafua wiki tano kabla ya Kili Marathon: nilale, nikimbie taratibu, au nishuke 21?

raba_zimechoka
Habari za jioni wakuu. Nimejiandikisha Kili, yaani Kilimanjaro Marathon ya Moshi, kilomita 42, mara yangu ya kwanza. Nusu yake, kilomita 21, nimeshakimbia mara mbili palepale Moshi. Zimebaki wiki tano na siku chache. Jumapili nilipiga 28, Daraja la Tanzanite hapa Dar nililivuka hadi nikalichoka. Jumatatu koo likaanza kuwasha, Jumanne kamasi, leo Alhamisi pua imeziba na napumulia mdomo. Nimepima joto, 36.8. Kikohozi kipo cha asubuhi tu. Ratiba yangu Jumapili hii inadai 32.

Niko njia panda: nilale kabisa mpaka nipone, niende tano tano taratibu kila siku ili mwili usisahau, au nikubali yaishe nishuke 21. Mke wangu ana wazo la nne, kwamba niache huu upuuzi. Hilo tuliweke pembeni kwanza.

mzee_wa_kupanda
Mafua tu, mkuu? Akhwari, mkimbiaji wetu, alimaliza marathoni ya Olimpiki Mexico 1968 goti likiwa na bandeji, wewe unaogopa kamasi. Jifukize, chemsha tangawizi weka limau, Jumapili ingia barabarani. Jasho linatoa mafua.

nesi_wa_zamu
Mzee wangu shikamoo, lakini hapo hapana. Akhwari aliumia siku yenyewe ya mashindano, tena goti. Hakuwa mazoezini na kifua kinakoroma. Na jasho halitoi virusi, linatoa maji na chumvi.

Mtoa mada, chukulia shingo kama mpaka. Dalili zikiwa juu ya shingo tu, yaani kamasi, chafya, koo linalowasha kidogo, unaweza kutembea au kukimbia polepole nusu saa. Zikishuka chini, kikohozi cha kifuani, kubanwa, mwili kuuma wote, kuhara, au homa, unalala. Wewe upo mpakani na kikohozi chako cha asubuhi. Ningekuwa wewe ningelala.

nakuru_mlimani
Salamu kutoka Nakuru. Mimi mwaka jana nilikuwa na homa wiki nzima na sikuwacha kukimbia, nilipunguza mwendo tu. Homa ni kitu ya kawaida, hakuna haja ya kuogopeshana.

nesi_wa_zamu
Wiki nzima na homa unakimbia?! Ndugu yangu, unatafuta kaburi?

nakuru_mlimani
Pole dada, hapana. Homa yetu huku ndiyo hiyo nyinyi mnaita mafua. Joto la mwili halikuwa limepanda hata kidogo 😂

nesi_wa_zamu
Haya, nimeshusha pumzi. Ila wanaosoma mkiwa Tanzania msije mkabeba ushauri wa Nakuru kama ulivyo. Homa ya huku, yaani mwili kuchemka, hukimbii hata mita mia. Kwanza unapima malaria, maana nayo huanza na uchovu na kichwa kuuma ukadhani ni mafua tu. Pili, virusi vinaweza kuingia kwenye misuli ya moyo ikavimba. Haitokei mara nyingi, lakini kuusukuma moyo uliovimba ndiko kunakoangusha vijana wazima uwanjani.

raba_zimechoka
Asante dada. Kumbe nina bahati sijawauliza Wakenya kwanza. Duka la dawa wamenipa amoksilini na vidonge vya kuzibua pua. Nimeze?

nesi_wa_zamu
Amoksilini inaua bakteria, mafua ni virusi. Usimeze dawa ya bakteria bila mtu kukukagua. Vya kuzibua pua soma boksi: vyenye pseudoephedrine vinapandisha mapigo ya moyo, na ikizidi kiwango kwenye mkojo siku ya mashindano ni kosa la dawa zilizopigwa marufuku. Wewe si wa kupimwa, sawa, lakini moyo ni wako. Maji ya chumvi puani yanatosha. Na diclofenac, zile dawa za maumivu, za kumeza kabla ya mbio ndefu achaneni nazo jamani, figo zenu zinakuwa tayari na kiu.

kocha_wa_alfajiri
Nimesoma wote. Kuna kitu hamjakigusa, nacho ni hofu ya kupoteza. Watu hawakimbii na mafua kwa sababu ni mashujaa. Wanaogopa kwamba siku sita za kulala zitafuta miezi minne. Hazifuti. Wiki moja ukilala, kinachopungua haraka ni maji ya kwenye damu, ndiyo maana siku ya kwanza kurudi moyo unadunda kama umepanda ghorofa kumi. Ndani ya siku chache yanarudi. Ukikaa wiki tatu bila kufanya chochote ndipo utaona umeshuka kweli.

Nayasema haya kwa sababu mwaka wangu wa pili nilikimbia 30 nikiwa na kikohozi cha kifua. Nilimaliza, nikajipiga na picha. Jumatatu sikuweza kupanda ngazi za kazini bila kushika ukuta. Kikohozi kilikaa wiki tatu. Kwa hiyo niliokoa Jumapili moja nikapoteza tatu.

Sasa ratiba. Hiyo 32 ya Jumapili hii ifute. Usiisogeze, ifute. Ukirudi, siku ulizougua ndizo siku za kwenda polepole: umeugua sita, sita za mwendo wa kuongea, yaani unakimbia huku unaweza kupiga stori. Jumapili ijayo 16, ukijisikia vizuri 18. Inayofuata 28, basi. Hiyo itakuwa wiki tatu kabla ya siku yenyewe, halafu unaanza kupunguza. Anayetaka kulipa 32 na 28 kwa wiki moja anajitafutia goti.

Na kila asubuhi kabla hujashuka kitandani, weka vidole shingoni, hesabu mapigo sekunde 30, zidisha mara mbili. Kawaida yako ngapi?

raba_zimechoka
Kawaida 54 au 55. Leo asubuhi 63.

kocha_wa_alfajiri
Umeshajijibu. Lala mpaka irudi kwenye 50 na kitu.

mama_mapacha_moshi
Kuhusu kushuka 21, mimi niliwahi kushuka, kikohozi kilipofikisha wiki ya nne. Sijutii. Ila usishuke ukidhani ni mapumziko: 21 ya Moshi ni kupanda kuelekea Mweka, upande wa mlimani, halafu ndiyo unateremka kurudi uwanja wa Chuo cha Ushirika. Kwenye 42 kupanda huko kunakukuta miguu imeshamaliza kipande cha barabara iendayo Dar, na pale kifua kisichopona kinaumbuka. Usiamue leo pua ikiwa imeziba. Amua baada ya ile 28.

raba_zimechoka
MREJESHO. Nililala mpaka Jumamosi. Jumapili mapigo 61, sikutoka, nilikaa barazani natazama wenzangu wanapita na jezi zao, iliuma. Jumanne 55. Jumatano nikaenda tano polepole, darajani kikohozi kikanishika mara moja, nikageuza. Ijumaa sita, kimya. Jumapili 16 nikiongea na mtu njia nzima. Bado nipo 42 mpaka ile 28 iseme vinginevyo.

mzee_wa_kupanda
Tangawizi ulikunywa?

raba_zimechoka
Nilikunywa mzee.

mzee_wa_kupanda
Nilijua tu.