Tupeane uzoefu: Umezungukaje nchi na familia ukitokea Arusha au Moshi?

Dereva wa Njiro

Wakuu salaam, na wazee wetu shikamooni.

Kazi yangu ni kubeba watalii. Mwaka mzima niko Karatu, Ngorongoro, Serengeti. Narudi mjini gari limejaa vumbi, nalala, asubuhi nageuza. Wageni wangu wanajua kwamba kreta ya Ngorongoro ina upana wa kilomita kama 19 na kina cha mita 600 hivi. Binti yangu aliyezaliwa hapa hapa mjini alikuwa anaijua kwa kalenda ya ukutani. Na nikiangalia majirani, wengi ndivyo tulivyo. Likizo ikifika watoto wanapelekwa kwa bibi Machame au Rombo, wanarudi, shule inafunguliwa.

Siku hizi ukitoka Arusha unaweza kuzunguka juu ya lami tupu na usirudie njia uliyopita: Babati, Kondoa, Dodoma, Mtera, Iringa, Mikumi, Morogoro, Chalinze, Segera, Same, Moshi, nyumbani. Kikwazo kilikuwa kipande cha Babati hadi Dodoma, na wazee wanaikumbuka ile vumbi. Tangu 2018 ni mkeka. Sisi tumezunguka na Noah: mimi, mama watoto, watoto na mama mkwe, ambaye alisema haachwi nyumbani kulinda kuku.

Ushauri wangu wa kwanza utawashangaza kwa kuwa unatoka kwa mtu wa utalii: msianze na hifadhi. Mkitaka kushuka kreta mnahitaji gari la 4WD, gari nalo linalipiwa, na mtoto anakaa kwenye kiti kutwa nzima akiambiwa "usishuke". Kwenye malikale, yaani maeneo ya kale ya kihistoria, mnalipa pesa ya kawaida, na mtoto anatembea, anauliza, anachoka vizuri.

Chukueni Kolo, kwenye michoro ya kale ya miambani. Iko barabarani kabisa kati ya Babati na Kondoa, wengi tunaipita tukidhani ni kijiji tu. Kuna ofisi pale, unalipa, unapewa mwongozo, mnapanda naye mlimani. Kipande cha mwisho ni cha miguu na mawe, kwa hiyo kandambili ziacheni garini. Michoro iko kwenye miamba iliyoinama mbele kama kibaraza: rangi nyekundu iliyoiva, watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, twiga, tembo, swala. UNESCO waliyaingiza maeneo hayo kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kuna mchoro mmoja mtu wa katikati anavutwa mikono na watu wa pande zote mbili. Mwongozo akatueleza kwamba wataalamu wamegawanyika, wengine wanasema ni mwanamke anatekwa, wengine wanasema hiyo ni ngoma. Mama mkwe akausogelea, akautazama, akasema, "Hapo mnasumbuka bure. Huyo anaolewa." Mwongozo alicheka mpaka akakaa chini.

Angalizo: Warangi bado wanapanda kule kwa matambiko. Mkikuta kitu kimewekwa pangoni, msikiguse wala msikipige picha kama maonyesho.

Baada ya hapo ni mwendo. Dodoma tulilala tu, tukanunua zabibu. Mtera mnakatiza juu ya bwawa, samaki wa kukaanga wapo, kuleni. Mikumi barabara kuu inapita ndani ya hifadhi kwa kilomita kama 50, mnaona twiga na tembo bila kulipa hata senti. Ila mwendo ni 70 mchana na 50 usiku, na ukigonga mnyama, bei yake umeshaandikiwa kwenye ubao.

Nawaachia. Mlipita wapi, watoto walipenda nini, hela iliishia wapi?

Pita Kimya

Nimevuta kiti, kahawa ipo. Ngoja waje.

Meku wa Kiboriloni

Mnaongea kama mafuta yanatoka bombani. Noah ikibeba watu na mizigo mpaka Iringa inakunywa, usidanganye watu. Halafu kila kijiji kibao cha 50, na nyuma ya mwembe kuna trafiki na tochi ya kupima mwendo. Elfu thelathini kwa kila kosa, ukipigwa mara tatu umeshalipia chumba cha kulala.

Dereva wa Njiro

Meku, shikamoo. Kweli kabisa, ndiyo maana mimi napanga kwa kasi ya 50 kwenye vijiji vyote na nafika nilipofika. Na njiani hatununui chakula cha hotelini. Mama mkwe alipika chapati, mayai ya kuchemsha na ndizi za kukaanga za kututoa Arusha mpaka Dodoma. Hela kubwa ni mafuta na kulala. Viingilio vya malikale vyote tulivyopita ukivijumlisha haviufikii usiku mmoja wa gesti yenye maji ya moto.

Mama Wawili, Moshi

Sisi tulichagua upande wa chini, na tulikwenda Desemba makusudi. Mnajua Desemba barabara ya Dar ilivyo: Wachaga wote wanapanda kwenda kuhesabiwa, magari yamefungana mpaka Korogwe. Sisi tunashuka! Upande wetu barabara nyeupe, watoto wanapungia mikono magari ya upande wa pili. Shemeji yangu alitupigia akiwa amekwama kwenye foleni anatuuliza tumepatwa na msiba gani huko tuendako.

Mombo tukakunja kushoto kupanda Lushoto. Kona zile jamani. Wa kwangu mdogo anatapika garini, kwa hiyo nilimnyima chai asubuhi, nikampa kipande cha tangawizi atafune, na nikamkalisha mbele. Tulifika salama. Irente mnasimama ukingoni mwa mwamba, chini kabisa mnaiona nyika inaanza na barabara mliyotoka nayo imekuwa uzi. Shikeni watoto mikono, na msitegemee kuta za kuzuia. Pale karibu kuna shamba wanauza jibini na jamu, nunueni muendelee na safari.

Kutoka hapo tukateremka mpaka Tanga, mapango ya Amboni. Hapo ndipo hela yangu niliiona. Ni mapango ya mawe ya chokaa, mnaingia na mwongozo mwenye tochi (hii nyingine, Meku, tulia), popo juu, sehemu nyingine mnainama mpaka magoti. Mwongozo anawaambia njia moja inatokea Mombasa. Mume wangu ni fundi ujenzi, akaanza kuuliza hewa inaingilia wapi, nikamkanyaga mguu. Kilichowashika watoto ni habari ya Osale Otango, aliyejificha humo miaka ya 1950 serikali ya mkoloni ikimsaka. Mpaka leo wakicheza kombolela nyumbani, anayejificha ndiye Otango.

Machungwa nunueni Muheza, msingoje Segera.

Mwalimu wa Historia

Nashukuru kwa uzi. Mimi niko Sakina, nafundisha sekondari, na niliwapeleka wanangu Iringa kwa sababu ya Kalenga. Fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, liko pale kwenye makumbusho ndogo, ndani ya kioo, na watu wengi wanaoenda Mbeya wanalipita bila kujua.

Niliwasimulia njiani. Agosti 1891 pale Lugalo, mashariki ya mji wa Iringa, Wahehe waliwavamia Wajerumani wakamuua kamanda wao Zelewski. Mnara wake upo, simameni hata dakika tano. Miaka saba baadaye, 1898, Mkwawa alijipiga risasi ili asikamatwe akiwa hai. Wakakata kichwa, kikasafirishwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, ule uliomaliza vita vya kwanza vya dunia, una kipengele kinachotaja fuvu hilo kwa jina la mwenyewe na kuagiza lirudishwe. Lilirudi 1954, likaletwa na gavana Twining.

Wa darasa la nne akahesabu kwa vidole, halafu akamuuliza mwongozo kwa sauti, "Miaka thelathini na tano walikuwa wanalitafuta au walikuwa hawataki kulitoa?" Yule kaka akamtazama, akamwambia hayo maswali awaulize Wajerumani. Mimi kama mwalimu niliona swali la kidato cha nne limeulizwa na mtoto wa darasa la nne.

Isimila iko kama kilomita 20 kutoka Iringa mjini, upande wa Mbeya. Zana za mawe bado ziko chini pale pale, zimejengewa kipaa tu, na nyingine ni kubwa hata mtu mzima anaibeba kwa mikono miwili. Ukishuka korongoni unakutana na nguzo za udongo ambazo mvua imezichonga kwa miaka na miaka. Nendeni asubuhi, kwa sababu saa saba mchana lile korongo linachoma na kivuli hakuna.

Mtoto wa Kaloleni

Sisi tulikwenda magharibi. Babati, Katesh chini ya mlima Hanang, Singida, Nzega, Shinyanga, Mwanza. Niseme ukweli, Singida mpaka Shinyanga watoto walilala, na mimi ningelala kama nisingekuwa nimeshika usukani. Mwanza walichangamka kwa samaki na mawe. Wakapiga picha mwamba wa Bismarck kama watu wote wanavyopiga.

Ila safari yangu ilikuwa Butiama. Mimi nimekulia Kaloleni, makumbusho ya Azimio la Arusha nimepita mlangoni tangu utoto nikienda kununua mkate. Nilitaka wanangu waone mahali alikozaliwa na kuzikwa aliyelileta Azimio lile mwaka 1967. Pale Mwitongo kaburi la Mwalimu Nyerere liko nyumbani kwao, na ya wazazi wake yapo hapo hapo. Makumbusho ina zawadi alizopewa na vitu vyake vya kila siku. Wanangu walitegemea ikulu. Mkubwa akaniuliza kama kuna nyumba nyingine tumeiruka.

Kurudi hatukurudia Singida, tulikatiza Serengeti kutokea Bunda. Wakuu, hapo pana maelezo. Mnalipa Serengeti na mnalipa Ngorongoro, kwa sababu mnapita kote kuwili, watu na gari. Lipeni mapema kwa kontro namba, na bebeni vitambulisho vya NIDA, maana Mtanzania analipa kwa shilingi na tofauti yake na mgeni ni mbingu na ardhi. Njia ni changarawe yenye mawimbi, inatetemesha mpaka meno. Usiende na gari la chini. Asiye na gari kuna mabasi ya Arusha–Musoma yanapita humo humo, na abiria naye analipia hifadhi. Mama yangu alipita hivyo, akaona simba dirishani, basi likaendelea na safari yake kama limeona mbuzi.

Dereva wa Njiro

Kaloleni, umenisaidia, hilo la kulipa mara mbili watu huwa wananipigia simu wakiwa tayari getini wamenuna. Niongeze: mkipita njia hiyo, kabla ya kufika Ngorongoro kuna mchepuko wa Olduvai, alikopata Mary Leakey fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959. Makumbusho yake mpya ni nzuri, na ina nakala ya nyayo za Laetoli, za watu wa kale waliotembea pale zaidi ya miaka milioni 3.6 iliyopita. Mtoto anaweka mguu wake pembeni analinganisha. Na mafuta jazeni kabla ya kuingia hifadhini.

Binti Majengo

Naomba kuuliza wakubwa. Sisi tuko Moshi Majengo, mume wangu anataka twende Kilwa Kisiwani Pasaka hii na watoto wawili, gari ni IST. Kuna aliyefika?

Mwalimu wa Historia

Dada, Kilwa iendeeni bila kusita. Ni Urithi wa Dunia tangu 1981, na ule msikiti mkubwa na kasri la Husuni Kubwa hamtaona mfano wake pwani hii. Ibn Battuta alifika 1331 akausifia mji. Kutoka Dar ni lami mpaka Kilwa Masoko, IST inafika.

Dereva wa Njiro

Inafika, ila si Pasaka, dada. Pasaka inaangukia masika, na ile barabara ya kusini maji yameshaikata pale Somanga mwaka 2024, magari yakalala huku na huku. Halafu kisiwani mnavuka kwa mashua, na bahari ya masika na watoto wadogo mimi siitaki. Mwambie shemeji asogeze mpaka likizo ya Juni. Mkifika Kilwa Masoko anzeni ofisini mchukue kibali na mwongozo ndipo mshuke ufukweni, bei ya mashua muulizie pale pale ofisini, na mkubaliane kabisa kwenda na kurudi. Kofia na maji bebeni kutoka mjini.

Meku wa Kiboriloni

IST mpaka Kilwa, sawa. Mama mkwe anakaa wapi?