Waranti ya miezi 24, friza imekufa siku ya 11. Hili duka kubwa linatuchukuliaje?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitajifanya nimetulia.

Wiki mbili kabla ya Ramadhani nilimsindikiza dada yangu kununua friza kwenye duka moja kubwa hapa Dar. Ni yale maduka ya kiyoyozi na maegesho mapana, ambako ukitoka mlinzi anakagua risiti yako mlangoni kama vile umeiba. Tulilipa 865,000 taslimu. Dada anauza juisi ya ukwaju na barafu za ubuyu Mbagala Rangi Tatu, na hiyo hela ni mgao wake wa kikoba wa mwaka mzima. Hakukopa, hakupewa na mtu.

Kariakoo tuliikuta friza ileile, namba ileile ubavuni, kwa 740,000. Mimi ndiye niliyemwambia aongeze hiyo 125,000. Nilimwambia Kariakoo ukishapakia mzigo mmeshaachana, ila huku kuna waranti, kuna ofisi, kuna mtu wa kumrudia. Juu ya ile friza walibandika karatasi ya njano yenye herufi kubwa kama kiganja: WARANTI MIEZI 24. Muuzaji akatuambia kwa mdomo wake, "Dada, ikisumbua unatupigia tu, tunakubadilishia." Akaandika na namba ya simu nyuma ya risiti.

Siku ya 11 dada aliamka usiku, akafungua friza achukue maji. Vifuko vya barafu vilikuwa vimelegea, ukivishika vinabonyea kama matumbo ya samaki. Chini kumetuama maji mekundu ya ubuyu. Kompresa kwa nyuma inanguruma bila kupumzika, ya moto kiasi kwamba mkono haukai. Kulikuwa na kilo sita za kibua za jirani aliyeomba amhifadhie, nazo zimeshaanza kunuka. Saa kumi alfajiri akanipigia huku analia. Zile samaki amezilipa yeye, maana jirani naye ana watoto.

Tukapiga ile namba. Inaita mpaka inakata. Tukaandika WhatsApp, tiki mbili za bluu, kimya. Siku ya tatu nikaomba ruhusa kazini nikaenda mwenyewe.

Naomba niieleze ile kaunta ya huduma kwa wateja, maana mtu asiyeiona hatanielewa. Upande wa malipo kuna kaunta nane na watu wanakukimbilia kukubebea kapu. Upande wa malalamiko kuna meza moja, kiti kimoja, binti mmoja, na foleni ya watu tisa waliobeba pasi, blenda, televisheni imefungwa kwenye shuka. Nilisimama saa mbili na dakika arobaini. Mbele yangu alikuwa mama mtu mzima aliyekuja mara ya nne kwa ajili ya jiko la gesi. Mara ya nne! Alitoka Kibaha kwa daladala.

Nilipofika kwa yule binti akaishika risiti, akaigeuzageuza, akasema, "Kaka, hii haisomeki, hatuwezi kukuhudumia." Ni kweli ilikuwa imefifia. Zile karatasi zinachapwa kwa joto, wino hamna, ukiiweka kwenye nailoni au sehemu yenye joto maandishi yanakimbia. Wao wanalijua hilo kuliko sisi. Wanakupa waranti ya miezi 24 kwenye karatasi isiyomaliza hata mwezi, halafu wanakwambia bila karatasi hakuna waranti. Bahati yangu niliipiga picha siku ileile ya kununua. Nikafungua ukurasa wa uhakiki wa TRA, mamlaka ya mapato, kwenye simu, nikaingiza namba ya uhakiki na muda wa mauzo, risiti ikaja yote: jina la duka, tarehe, kiasi, VAT yao ya asilimia 18. Yule binti akaikodolea macho, akasema ngoja amuulize meneja. Meneja yuko kikaoni. Wakuu, nimekwenda mle ndani mara tatu kwa siku tofauti na mara zote tatu meneja yuko kikaoni.

Kama unanunua chochote cha umeme, piga picha risiti kabla hujatoka mlangoni. Mtakuja kunishukuru.

Fundi wao alikuja siku ya 19 tangu tulipolalamika. Kijana mstaarabu, simsemi vibaya, amefanya kazi yake. Alifungua nyuma, akapaka povu la sabuni kwenye mabomba, akaniita nione: kwenye kiungio kimoja karibu na kompresa vibofu vinatoka vidogovidogo mfululizo. Akaniambia, "Kaka, gesi imevuja karibu yote. Hapa pamechomelewa vibaya, imetoka nayo kiwandani." Kwa maneno hayohayo. Akaandika kwenye fomu yake, akasaini, nikaipiga picha na hiyo.

Nikajua yameisha. Kesho yake ukaja ujumbe kwamba waranti inahusu kompresa tu. Mabomba na gesi ni juu ya mteja, tulete 120,000 fundi arudi kuziba na kujaza. Na kwamba "inaonekana friza ilitumika bila stabilaiza, umeme wa eneo lenu si mzuri."

Umeme wa eneo letu! Soketi ileile ya ukuta uleule, upande wa pili kuna friji ya mama mwenye nyumba, ina miaka tisa, inagandisha mpaka leo. Na tangu lini umeme mdogo ukatoboa kiungio cha bomba? Siku ya kuuza hakuna aliyetaja stabilaiza. Wangetaja tungenunua, wanaziuza rafu ya pili tu pale.

Nikakitafuta kitabu cha waranti kilichokuwa ndani ya boksi. Kipo, Kiingereza kitupu, herufi za kusoma kwa miwani, ukurasa wa mwisho kabisa ndiyo kuna hiyo habari ya kompresa. Sasa ile karatasi ya njano ya herufi za kiganja, mbona haikuandika "kompresa tu"? Walipokuwa wanataka hela walizungumza Kiswahili. Tulipodai haki wakatusomea Kiingereza.

Pale kaunta wamebandika kibao: BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Watu wanakisoma wanageuka na televisheni zao kwenye shuka, wanadhani hiyo ndiyo sheria ya nchi. Si sheria. Sheria ya mauzo ya bidhaa, Sura ya 214, ipo miaka na miaka, na inamtaka muuzaji anayefanya biashara hiyo auze kitu chenye ubora wa kuuzika, kinachofaa kwa kazi kilichonunuliwa. Friza isiyogandisha inafaa kwa kazi gani? Na Sheria ya Ushindani ya 2003, iliyoanzisha FCC, yaani Tume ya Ushindani, inakataza kumpotosha mlaji. Kama kuandika miezi 24 kwa herufi kubwa na kuficha masharti ukurasa wa mwisho si kupotosha, basi sijui kupotosha ni kitu gani.

Najua kuna watakaosema mngenunua Kariakoo. Kwa hili nimekubali kushindwa. Yule muuzaji wa Kariakoo alituchomekea friza mbele yetu, akatuambia tukae nusu saa tuone inavyoshika baridi, tukanywa na kahawa. Hawa wa kiyoyozi walitukabidhi boksi lililofungwa na kirikuu ya kukodi kwa 35,000. Na haya maduka makubwa tumeyaona yakija na kuondoka hapa nchini. Shoprite waliondoka 2014 wakawaachia Nakumatt, Uchumi wakafunga milango 2015, na Nakumatt nao leo hawapo. Kwa hiyo huyu anayeniahidi miaka miwili namwamini vipi, wakati wiki mbili tu zimemshinda?

Ramadhani yote imepita dada yangu ananunua barafu za mtu mwingine ili juisi yake ipoe. Faida yote imeishia kwenye barafu. Mwezi ambao huwa unamlipia ada ya watoto, mwaka huu umemuacha na deni la kilo sita za kibua. Huwa anaipangusa ile friza kila asubuhi, mpya, inang'aa, anaweka juu yake sufuria.

Sitoi 120,000. Sitaki gesi wala kiraka kwenye bomba. Nataka friza nyingine au 865,000 ya dada yangu kamili. Malalamiko nimeshayaandika, kurasa mbili, nimeambatanisha picha ya risiti, picha ya ile karatasi ya njano (nilirudi kuipiga, bado ipo palepale inadanganya wengine), fomu ya fundi na ujumbe wao wa WhatsApp. Nakala moja ya meneja, nyingine ya FCC. Aliyewahi kupeleka shauri FCC naomba aniambie ilichukua muda gani na walimtaka alete nini, nisije nikarudishwa kwa kukosa karatasi moja.

Jumamosi saa tatu asubuhi nimekodi kirikuu. Friza tunaipakia Mbagala, tunaishusha mbele ya ile meza ya malalamiko, na dada yangu atakaa juu yake mpaka kikao cha meneja kiishe. Yule mama wa jiko la gesi nilichukua namba yake. Amesema naye anakuja.