Mnunuzi wa korosho anataka hesabu ya hewa ukaa: kupima kwa uhakika kunalipa?

Mshikavitabu_Masasi:
Wakuu, habari za jioni. Nashika vitabu kwenye kiwanda kidogo cha kubangua korosho huku Masasi. Mnunuzi wetu wa Uholanzi kaleta fomu, anataka kujua kila kilo ya korosho iliyobanguliwa imetoa hewa ukaa kiasi gani. Bosi anasema tuokote makadirio mtandaoni tuendelee na kazi. Mimi nasita, maana boila yetu inakula maganda ya korosho, dizeli ni ya jenereta tu umeme ukikatika. Na kuna jamaa kanitisha kwamba namba ikiwa kubwa, Ulaya wanatutoza ushuru. Kupima kweli kuna pesa ndani yake au ni kujitafutia kazi?

FundiMvuke:
Ushuru usikutishe. Ule utaratibu wa Umoja wa Ulaya wa kutoza kaboni mpakani, ulioingia hatua ya malipo Januari 2026, unagusa saruji, chuma, alumini, mbolea, haidrojeni na umeme. Korosho haimo. Ila ona walivyoupanga: kiwanda kisicho na vipimo vyake kinabandikwa namba ya jumla, tena iliyoongezwa makusudi. Na mnunuzi binafsi ukimpa namba ya kuokota, amekuweka kundi moja na wanaochoma mafuta mazito.

Kaboni ya maganda mkorosho uliivuta hewani wenyewe, ndiyo maana kwenye hesabu inaandikwa pembeni, haichanganywi na ya dizeli. Bosi wako akiokota makadirio anajitwisha moshi wa mafuta ambayo hajanunua!

Jenereta ifungie mita ya kuhesabu saa inazowaka, tanki lipimwe kwa kijiti asubuhi na jioni. Lita moja ya dizeli ni karibu kilo 2.7 za hewa ukaa. Kiwanda kimoja nilichofanyia kazi, dizeli ya jenereta na ya fuso ziliandikwa ukurasa mmoja. Tulipozitenganisha, kumbe jenereta "inakunywa" hata usiku ambao umeme haukukatika. Mlinzi na dereva wakawa hawatazamani usoni. Mnunuzi alikuwa bado hajajibu hata barua pepe, sisi tumeshaokoa hela.

Msituni_Kilwa:
Kwetu kwenye msitu wa kijiji, tunakopima kaboni iliyomo kwenye miti, ndiyo usiseme. Mti unazungushiwa utepe mita 1.3 kutoka ardhini, unaandika, unakwenda mwingine, mbung'o wanakusindikiza. Vijana wanalalamika mbona viwanja vya sampuli, vile vipande vinavyopimwa kwa niaba ya msitu mzima, ni vingi. Lakini kwenye biashara ya kaboni cheti kimoja unachouza ni tani moja ya hewa ukaa, na vipimo vikiyumba kupita kiasi unakatwa tani za kuuza. Posho ya wapimaji inarudi hapohapo.

Mzee_wa_Nachingwea:
Wao wamechoma makaa ya mawe miaka mia mbili, leo mimi ndiye nipime jenereta?

FundiMvuke:
Shikamoo mzee. Hoja yako haina majibu. Ila dizeli unalipa wewe.

Mshikavitabu_Masasi:
Asanteni sana. Maganda nayo nihesabu kwa gunia?

FundiMvuke:
Gunia sawa, lakini pima machache kwenye mzani kila wiki. Ganda lenye maji ni zito na haliwaki vizuri, utadhani boila imekula sana kumbe umepima maji. Na risiti za dizeli zianzie mwanzo wa msimu, mnunuzi atataka mwaka mzima.