Hamsta kwenye tangi la samaki la kioo: inafaa kwa joto la Dar?

MamaWawili_Mbezi:

Habari zenu wapendwa. Naomba msaada wa wenye uzoefu.

Kaka yangu amemletea mwanangu wa miaka tisa hamsta, kale kamnyama ka kufugwa kanachofanana na panya, yule mkubwa wa rangi ya dhahabu mwenye tumbo jeupe. Amekuja na kizimba kidogo cha plastiki chenye nondo nyembamba. Tatizo ni usiku. Kuanzia saa tano anang'ata nondo, ngri ngri ngri, mpaka adhana ya alfajiri. Wiki ya pili sasa, na jana nimeona manyoya ya juu ya pua yametoka, ngozi imekuwa nyekundu. Mwanangu alilia alipoona.

Stoo nina tangi la kioo tulilofugia samaki zamani. Nimelipima: urefu sentimita 60, upana 30, kimo 35. Je, nimhamishie humo? Jirani seremala amesema atanikatia mfuniko wa plaiwudi na kuutoboa matundu kwa drili, na maranda nitapata bure kwa mafundi wa Keko. Nafikiria kuliweka juu ya kabati karibu na dirisha la sebuleni ili mtoto amwone akitoka shule. Kaka anasema mnyama huyu asili yake jangwani, kwa hiyo joto letu si kitu kwake. Ni kweli?

BintiTanga:

Dada, afadhali umeuliza kabla hujamhamisha. Nimefuga hamsta wanne: watatu nikiwa Leipzig, Ujerumani, nilikokuwa nasomea uuguzi, na mmoja hapa Tanga tangu nirudi. Wote nimewaweka kwenye vioo. Mmoja wao alikufa kwa joto kwa kosa langu, na ulivyotaja dirisha la sebuleni moyo umenipasuka.

Kwanza hizo kelele za usiku. Mnyama huyo anataka kuchimba na hana pa kuchimba. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, waliwaweka hamsta wa dhahabu kwenye matandiko (maranda na vitu kama hivyo vya kulalia na kuchimba) ya kina cha sentimita 10, 40 na 80. Wa sentimita 10 ndio waliong'ata nondo kupita wenzao. Wa sentimita 80 hawakuonekana waking'ata hata mara moja. Hivyo vizimba vya dukani trei yake ina kina cha vidole vinne. Ukijaza zaidi, maranda yanamwagika sakafuni. Kioo kinashikilia matandiko mpaka juu, na hakina nondo ya kumchubua pua. Kwa hilo wazo lako ni zuri kabisa.

Mimi la kwanza nililipata kwa jirani, 100 kwa 40 kwa 40. Kule tangi likianza kuvuja, mfuga samaki hana kazi nalo tena, analitoa kwa bei ya kutupa, na hamsta hana shida na ufa usiopitisha kitu zaidi ya maji. Usiku wa kwanza nililala sakafuni kumtazama. Alianza kona ya kushoto, akikwangua kwa miguu ya mbele na kusukuma nyuma kwa ile ya nyuma, akisimama kila mara kunusa. Mfereji ukafuata ukuta wa kioo, kwa hiyo nikamwona ndani kwa ndani: alivyogeuka, alivyojaza mashavu kwa vipande vya tishu mpaka kichwa kikawa kipana kuliko mwili, kisha akavitema kimoja kimoja na kuvikanyaga kuwa kitanda. Alikuwa na ghala lake la mtama kando, na chumba kingine cha kukojolea. Asubuhi nikabandika karatasi ya kaki kwa nje ili apate giza. Nilimwita Karanga.

Karanga alikufa Julai ya mwaka wa pili. Nilikuwa nimehamia chumba cha juu kabisa, chini ya paa, na katika kuhama nilimrudishia matandiko machache, sentimita 12 hivi, nikisema nitaongeza mwisho wa mwezi. Tangi nililiweka juu ya saraka karibu na dirisha la magharibi, kwa sababu hiyohiyo yako: nimwone vizuri. Nilirudi kutoka kazini saa kumi alasiri. Jua lilikuwa limejaa ndani ya tangi. Nilipoligusa kioo niliondoa mkono. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya matandiko, miguu kaitandaza, manyoya ya kidevuni yamelowa mate, anahema upesi upesi mdomo wazi. Nikamwingiza kwenye maji baridi ya bomba. Hilo nalo lilikuwa kosa. Baridi ya ghafla inamzidishia. Alifia mkononi mwangu kabla sijavua viatu.

Kwa hiyo, dada, usiliweke dirishani. Hata jua la nusu saa. Kioo kinafanya kama gari lililofungwa madirisha.

Na kaka yako mwambie hivi, kwa heshima. Hamsta wa dhahabu asili yake ni upande wa Aleppo, Syria, na kusini mwa Uturuki. Karibu wote tunaofuga ni uzao wa mama mmoja na watoto wake, waliochimbuliwa huko mwaka 1930 katika safari ya Israel Aharoni. Waliwapata kwa kuchimba! Porini shimo lake linashuka zaidi ya nusu mita, na huko chini kuna ubaridi. Anakaa humo, anatoka kwa muda mfupi tu kutafuta chakula. Kinachomwokoa na joto la Syria ni udongo ulio juu yake. Nyumbani anastarehe kwenye nyuzi 20 mpaka 24; zikipita 30 yuko hatarini, na Dar mchana wa Januari unajua mwenyewe.

Sasa tangi lako. Kwa kweli ni dogo. Chama cha madaktari wa mifugo cha Ujerumani kinachosimamia ustawi wa wanyama, TVT, kinashauri lisipungue 100 kwa 50, kimo 50. Lako sakafu yake ni sentimita za mraba 1,800. La TVT ni 5,000. Hata ukisema utavumilia udogo, hesabu ya kimo inakataa. Hamsta wa saizi hiyo anahitaji gurudumu la kukimbilia la kipenyo cha sentimita 28 hivi, vinginevyo anakimbia mgongo umepinda. Ukishaweka matandiko sentimita 25, kwenye kimo cha 35 gurudumu linakaa wapi? Litumie wiki mbili tatu ili apone pua, huku unatafuta kubwa. Lioshe kwanza kwa maji ya moto na siki, hasa kama uliwahi kutia dawa za samaki, kisha lianike likauke kabisa.

Plaiwudi hapana. Kwenye kioo hewa inaingia na kutoka kwa juu tu. Ukiziba juu, mvuke wa mkojo unabaki humo na yeye ndiye anauvuta usiku kucha. Mfuniko wote uwe wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi sentimita moja, kwenye fremu ya mbao. Wavu wa mbu wa plastiki atautafuna usiku mmoja.

Maranda ya Keko nayo nina wasiwasi nayo. Pale kila mbao inarandwa mashine moja, zikiwemo zilizotiwa dawa ya wadudu, na vumbi lenye vanishi ndani yake. Mimi huenda kwa fundi mmoja ninayemjua, siku anaporanda msonobari usio na dawa, nachukua yale mapana, nayaanika juani siku kadhaa mpaka harufu iishe, nayapepeta kwa ungo vumbi litoke. Nayachanganya na tishu zisizo na marashi na nyasi kavu. Mchanganyiko huo ndio unaoshika mfereji. Maranda matupu yanaporomoka. Shindilia kwa mikono unapojaza. Usafi: toa kila siku ile kona ya mkojo. Usimwage vyote kwa mara moja, bakiza sehemu ya zamani aikute harufu yake.

Maji nampa kwenye kibakuli kizito cha udongo. Chupa ya kubandika kwenye kioo ilinidondokea mara mbili, mara ya pili mnyama ameshinda na kiu mchana kutwa.

Pua ikitoa maji au isipoanza kuota manyoya ndani ya wiki mbili, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Na kama ni mmoja, abaki mmoja. Wakubwa wa aina hii wakiwekwa wawili wanauana.

FundiVioo_Kisauni:

Salamu kutoka Mombasa. Mimi si mfugaji, ila nimetengeneza matangi miaka mingi, na haya ya hamsta nimeshayafanya matatu. Dada wa Tanga amesema vyema. Naongeza ya ufundi.

100 kwa 50 kwa 50, kioo cha milimita 6: kioo peke yake ni kilo 30. Ukitia matandiko na mchanga, hakibebeki na mtoto, na hakikai juu ya meza ya miguu myembamba. Mwambie fundi apige msasa kingo zote, hata za juu, kwa sababu mkono wa mtoto utakuwa unaingia na kutoka. Silikoni iwe ya matangi ya samaki. Ile ya bafuni ya kuzuia ukungu ina dawa ndani yake, na hamsta ana meno. Halafu isubirini mpaka ile harufu ya siki iishe kabisa; mimi huwa siruhusu mteja achukue kabla ya siku tatu.

Kwa joto letu la pwani, kioo cha mbele sikifikishi juu. Huku chini nakiacha kimo cha 30 cha kuzuia matandiko, na kutoka hapo kwenda juu naweka wavu wa chuma kwenye fremu ya alumini. Hewa inapita ubavuni na juu. Gharama inapungua pia.

Lingine ni sisimizi. Huyu mnyama anaficha chakula chini, na sisimizi watakifuata. Stendi ya chini yenye miguu minne, kila mguu ndani ya kopo lenye maji. Maji yabadilishwe kila siku mbili, yasije yakazaa mbu.

BintiTanga:

Fundi, asante sana, hilo la kioo cha mbele kifupi nitaliiga. Na kwa kuwa umetaja mbu: dada, chumba cha hamsta kisipulizwe dawa ya mbu wala kuwashwa ile ya kuzungusha. Mapafu yake ni madogo mno.

MamaWawili_Mbezi:

Nimesoma yote mara mbili, mara ya pili nikamsomea mwanangu. Dada, pole sana na Karanga.

Jana Jumamosi nilifanya hivi. Nilichukua kipimajoto cha ukutani nikakiweka juu ya lile kabati la dirishani: saa nane mchana, nyuzi 33. Nikakihamishia kwenye korido ya vyumbani, sakafuni, kwenye marumaru: nyuzi 28. Sikutarajia tofauti kubwa hivyo ndani ya nyumba moja. Kwa hiyo atakaa koridoni.

Kwa sasa yuko kwenye tangi la zamani. Nimeweka tishu na nyasi kavu sentimita 20, mfuniko ni wavu ambao seremala aliupigilia kwenye fremu (plaiwudi nimemrudishia). Usiku wa kwanza sikusikia nondo. Nilisikia vitu vikikwaruzwa, kwa chini chini. Mwanangu alikesha na tochi mpaka nikamfukuza kitandani.

Swali moja limebaki. Nyuzi 28 bado ziko juu ya 24 uliyoitaja. Siku umeme ukikatika na feni isifanye kazi, nifanye nini?

BintiTanga:

28 kivulini, akiwa na shimo la kina, anavumilia. Hapa Tanga wangu anaishi hivyohivyo. Ninachofanya miezi ya joto ni kumwekea kigae cha marumaru kwenye kona isiyo na matandiko, na kipande cha chungu kilichovunjika, kile cha shingo, ninakifunika juu ya mdomo wa mfereji wake. Udongo wa chungu unabaki wa baridi hata mchana. Zikifika 30, nachukua chupa ya maji yaliyoganda, naizungushia khanga kuukuu na kuiegemeza kwenye kioo kwa nje, upande mmoja tu, ili achague mwenyewe kusogea au kukaa mbali. Siku za umeme kukatika jirani ana friji ya gesi, ananitunzia chupa mbili. Feni ipige ukutani, isimpige yeye.

Ukimkuta amelegea anahema mdomo wazi, mtoe mpeleke sehemu ya baridi, mpanguse masikio na miguu kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya kawaida, umwekee tone la maji mdomoni kama anaweza kumeza, kisha daktari wa mifugo upesi. Usimtumbukize kwenye maji.

Kesho asubuhi tazama pembeni mwa kioo kwa chini. Kama ameshachimba, utaona mfereji.

MamaWawili_Mbezi:

Ameshachimba. Upande wa ukutani, chumba cha duara kama kikombe cha kahawa, na yeye ndani amejikunja, pua imefichwa tumboni. Mwanangu amebandika gazeti kwa nje kumkinga na mwanga. Fundi wa vioo wa hapa Mbezi anakuja Alhamisi kupima korido, na nimemwonyesha ule ujumbe wa silikoni.