Ziara ya siku moja maeneo ya vita Taita Taveta, tuchukue mwongozaji ama tujiendee wenyewe?

Pwani_Msafiri
Habari za leo wadau. Baba yangu ni mwalimu wa historia mstaafu, na tangu tukiwa wadogo nyumbani ni stori za vita vya Mjerumani na Muingereza, 1914 hadi 1918, ila Salaita na Maktau, kule kulikopiganwa, hajawahi kufika. Sasa sisi watoto tumechanga tumpeleke, siku moja tu maana watu wana kazi. Tunatoka Mombasa na gari tunalo. Kuna jamaa anatembeza watu kutwa nzima, ametutumia orodha ya sehemu kama kumi hivi na bei yake si mchezo. Je kwenda na kurudi siku moja inawezekana? Na huyo mwongozaji ana faida gani kama barabara ni lami na ramani iko kwa simu? Mzee ana miaka sabini na kitu, anatembea vizuri tu ila kupanda mlima sidhani.

Mdau_Mwatate
Karibuni sana kwetu. Kwenda na kurudi Mombasa siku moja inawezekana kama vile kula ugali mkavu inawezekana. Mombasa hadi Voi ni kama kilomita 150 na hiyo barabara ya malori mnaijua wenyewe, halafu Voi hadi Taveta kama 110 zingine, bado hamjarudi. Lami ya kwenda Taveta ni nzuri lakini inakatiza Tsavo West, ndovu wanavuka saa wanayotaka wao, usiku simshauri mtu aendeshe hapo na mzee ndani ya gari. Laleni Voi, saa kumi na mbili asubuhi mshatoka.

Kuhusu mwongozaji mimi nasema chukueni, na sisemi hivyo kwa sababu ni biashara ya watu wa kwetu. Salaita ukienda peke yako utaona kilima kimoja kidogo chenye vichaka vya miba katikati ya tambarare, basi, utapiga picha uondoke. Mtu anayeijua atakupeleka chini ya kilima akuonyeshe mahandaki yalipopita, maana hapo ndipo kisa chote kilipo. Tarehe 12 Februari 1916 Waingereza walipiga mizinga kule juu wakidhani Wajerumani wamejichimbia kileleni, kumbe watu wa Meja Kraut wako chini, wametulia wanawasubiri. Wale makaburu wa Afrika Kusini walikua ndo wamefika hii nchi, hawajawahi kupigana na askari waafrika wa Mjerumani na walikua wanawadharau wazi wazi, wakaja kifua mbele na wakatimuliwa. Waliowaokoa ni Wahindi, kikosi cha 130th Baluchis, ambao nao walikua wanadharauliwa na makaburu hao hao. Sasa hiyo stori ukiambiwa umesimama pale pale kwenye handaki unaangalia upande waliotokea, ni tofauti kabisa na kuisoma.

kaka_reli
Naunga mkono kulala Voi, na kama hamtaki uchovu wa gari kuna treni ya SGR ile inayosimama vituo vya kati, mnashuka Voi mnakodi gari hapo. Voi penyewe msipapite hivi hivi, kuna makaburi ya kijeshi yanatunzwa vizuri sana, na ndipo alipozikwa Wilbur Dartnell, luteni aliyepewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Muingereza, kwa kisa cha Maktau Septemba 1915, alijeruhiwa mguu akakataa kubebwa akabaki na majeruhi wenzake ili Wajerumani wasiwamalize, naye akauliwa. Mzee wa historia hapo atapenda.

Halafu mwambieni mwongozaji awaonyeshe reli. Watu wote wanakimbilia mizinga na ngome lakini vita ya huku ilikua vita ya maji na reli. Kutoka Voi mpaka Taveta ni nyika kavu na Mjerumani alishaichukua Taveta tangu Agosti 1914, kwenye maji ya mto Lumi amejikalia, akituma vikundi vidogo vikalipue ile reli kubwa ya Mombasa kwenda Uganda. Muingereza ili amfikie ikabidi ajenge reli mpya kutoka Voi, Maktau wakafika katikati ya 1915, na maji yanavutwa kwa mabomba kutoka milima ya Bura. Ukielewa hilo unaelewa kwa nini kambi ziko pale zilipo, bila hilo ni majina tu.

Bi_Zuhura_K
Mimi nitawapa upande wa pili kidogo. Tulienda na mwongozaji, orodha ndefu kama hiyo yenu, na kila tulipofika ni dakika kumi, picha, haya twendeni. Makaburi ya Wahindi pale Maktau tuliyaona kwa dirisha. Kwa hiyo si suala la kuchukua ama kutochukua, ni suala la yupi. Mpigieni simu kabla muulizeni maswali mawili matatu, akijibu kila kitu na stori ya mbuyu muachane naye.

Stori ya mbuyu ni hii, njia ya Taveta kuna mbuyu mkubwa una matundu wanasema ni ya risasi, na eti ndani yake alijificha mwanamke wa Kijerumani akawa anadungua askari wa Kiingereza mmoja mmoja kulipiza kisasi cha mumewe. Tamu sana, watoto wataipenda, mbuyu kweli upo na kaangalieni. Ila hiyo ni hadithi, na mwongozaji akikuambia ni historia iliyothibitishwa jiulize na hayo mengine anayatoa wapi.

Mi swali ambalo ningemuuliza ni moja tu, wapagazi wako wapi? Wale wa Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo cha Muingereza. Mbung'o walikua wanaua punda na farasi wote kwa hiyo kila risasi na kila gunia la unga lilibebwa na kichwa cha mtu, na waliokufa ni makumi ya maelfu, wengi wao si kwa risasi, ni kuhara, malaria na njaa. Makaburi utakayoonyeshwa yana majina ya maafisa na askari, wapagazi wengi hawana hata jiwe. Sasa kama kutwa nzima mtu anawatajia majenerali peke yake, nusu ya pesa yenu mngeidai.

Mdau_Mwatate
@Bi_Zuhura_K umesema kweli tupu dada. Wazee wa kwetu wakitaja kariakoo, neno lililotokana na hiyo Carrier Corps, hawamaanishi soko, wanamaanisha mtu aliyechukuliwa akabebeshwa mzigo na hakurudi. 1917 ndo walichukuliwa kwa nguvu zaidi maana vita ilikua imehamia kusini huko Tanganyika na watu wanaisha.

tanga_raha
Wakuu nami wa ng'ambo ya pili nichangie. Mkitoka hapo siku nyingine njooni Tanga, Novemba 1914 Muingereza aliteremsha wanajeshi wengi kutoka India na bado von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akamrudisha baharini, nyuki nao wakasaidia, na hii ya nyuki si hadithi kama ya mbuyu. Makaburi yapo hadi leo. Nauliza tu, huko Salaita si mwisho Muingereza alishinda?

kaka_reli
@tanga_raha alipakalia mkuu, hakupapigania. Mwezi mmoja baadaye Smuts, jenerali wa Afrika Kusini, akiwa kashashika usukani wa jeshi la Muingereza alimtuma van Deventer na makaburu wa farasi wazunguke kaskazini kupitia ziwa Chala, Wajerumani wakaona watafungiwa wakahama wenyewe. Kwa hiyo kile kilima kilichoua watu Februari, Machi kilichukuliwa bure. Mapigano yenyewe yakahamia Latema na Reata, vile vilima viwili nyuma ya Taveta, tarehe 11 Machi mpaka usiku. Jenerali Malleson, yule yule aliyewaongoza Waingereza Salaita, katikati ya vita akasema anaumwa akaondoka, jenerali mwenzake Tighe akashika. Hadi usiku Smuts alishaamuru warudi nyuma, kulipokucha wakakuta vikundi vichache vyao viko juu na Mjerumani hayupo. Lettow-Vorbeck ndo alivyowachezea hivyo mpaka 25 Novemba 1918 alipoweka silaha chini Abercorn, siku hizi Mbala kule Zambia, wakati Ulaya wiki mbili nzima vita imeisha.

Pwani_Msafiri
Aisee asanteni, hapa nimepata kuliko nilivyotegemea. Nimemsomea mzee akacheka sana hapo kwa Malleson. Basi tumeamua tutalala Voi, na nimempigia yule jamaa nikamuuliza ya wapagazi, akanyamaza kidogo halafu akaanza mbuyu 😂 tutatafuta mwingine. Kwa mnavyoona tukiacha hizo kumi tubaki na zipi? Na mzee Latema ataiona vipi kama hapandi?

Mdau_Mwatate
😂😂 Voi makaburini asubuhi na mapema, Maktau, Salaita kabla ya saa tano jua halijakuwa kali, chakula Taveta mjini, makaburi ya Taveta, mwisho Latema na Reata. Zinatosha. Ngome ya mawe ya Mwashoti ni nzuri lakini inawatoa njiani, iacheni kwa safari nyingine. Mzee hana haja ya kupanda, ukisimama upande wa Taveta unaviona vilima vyote viwili na pengo lililo katikati ambalo ndilo lilikua linagombaniwa, mbebeeni kiti tu akae aeleze, nadhani mwongozaji ndiye atakayesikiliza. Salaita vaeni viatu vilivyofunika mguu, miba ya pale haina adabu. Na mtoto akiokota ganda la risasi arudishe chini, vitu vya kale vinalindwa na sheria ya 2006, kuna vijana watajaribu hata kuwauzia, msinunue. Vitambulisho bebeni wote maana mnakaribia mpaka na polisi wa njia ile wanauliza. Saa tisa na nusu mgeuze gari, msidanganyike na mwanga, kwenye mbuga giza linaingia haraka.