Taasisi ndogo ikichukua mtu: mwajiriwa, au "wa kujitolea"?

Wakuu, naileta hii tuijadili bila kuvuana nguo. Kuna hoja inayorudi kila mara: taasisi yenye watu wawili watatu isibanwe na sheria za kazi kama kampuni kubwa, kwa sababu haina ofisa utumishi wala mwanasheria, na fedha zake ni za mradi. Msimamo wangu ni kwamba nafuu iwepo, lakini kwenye taratibu tu. Isiguse swali la nani ni mwajiriwa.

Mchukue huyo anayeitwa wa kujitolea. Anafika saa mbili asubuhi, anasaini daftari la mahudhurio, anatumia kompyuta ya ofisi, akiugua anaomba ruhusa, na mwisho wa mwezi anapewa "posho" isiyobadilika. Posho ya nini? Kama ni nauli, mbona haipungui mwezi aliokuja nusu tu ya siku za kazi? Huo ni mshahara uliofichwa jina.

Pendekezo namba 198 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2006, linataka hali halisi ya kazi ndiyo itazamwe kwanza, hata kama pande mbili ziliandikiana vingine: nani anatoa maelekezo, vifaa ni vya nani, malipo yanakuja kwa vipindi maalumu au la, na kama ndiyo riziki kuu ya mtu huyo. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa na kesi ya Tony and Susan Alamo Foundation, shirika la kidini lililoendesha biashara kwa nguvu za wafuasi wake, likiwapa chakula, mavazi na malazi. Wafuasi wenyewe walidai ni wa kujitolea. Mahakama ikasema ni waajiriwa.

Mchangiaji wa 1: Mtoa mada, unaongea kama mtu ambaye hajawahi kukaa na bajeti ya mradi. Fedha ni za mwaka mmoja. Ukiweka likizo ya malipo, notisi na michango ya hifadhi ya jamii, unabaki na fedha za kumlipa nusu mtu. Na ukubwa unatambuliwa na sheria zenyewe: Ujerumani, sheria ya kuzuia kuachishwa kazi kiholela kwa kawaida haiwagusi wenye waajiriwa 10 au pungufu. Marekani, sheria ya shirikisho ya mwaka 1964 ya kuzuia ubaguzi kazini inaanzia kwa mwajiri mwenye watu 15. Kwa nini sisi wadogo tuonekane wakwepaji?

Mchangiaji wa 2: Mnagombania aina ya mkataba, mmeuliza nani anausaini? Katika nchi nyingi kikundi kisichosajiliwa si mtu mbele ya sheria. Hakiwezi kuajiri, hakiwezi kushtakiwa kwa jina lake. Mambo yakiharibika, mwenyekiti na mweka hazina wanaweza kudaiwa mifukoni mwao. Wajumbe wengi wa kamati hawalijui hili mpaka barua ya wakili ifike. Sajilini kwanza, halafu tangazeni nafasi.

Mtoa mada: Wa 2, hapo umenizidi, nakubali kabisa. Wa 1, mfano wako wa Ujerumani unanisaidia mimi. Mwajiri mdogo kule anapunguziwa mzigo wa kuthibitisha sababu ya kumwachisha mtu, lakini mtu huyo bado ana notisi, likizo ya malipo na bima za jamii. Hakuna aliyembadilisha kuwa wa kujitolea. Ukiwa na fedha za mwaka mmoja, mpe mkataba wa muda maalumu wa mwaka mmoja. Katika nchi nyingi ni halali, na haumdanganyi mtu.

Mchangiaji wa 1: Sawa, na mfadhili akiongeza mwaka? Na mwingine? Kazi ileile, meza ileile, mkataba mpya kila Januari.

Mtoa mada: Hapo pagumu kweli. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la 1999, unazitaka nchi wanachama zizuie mchezo huo kwa njia mojawapo: kudai sababu ya msingi, kuweka kikomo cha muda wote, au kikomo cha idadi ya kuongeza. Mimi ningechagua kikomo cha muda, kwa kuwa "sababu ya msingi" taasisi haitaikosa, itasema ni mfadhili kila mwaka. Lakini kikomo kikiwa kifupi mno, taasisi itamtoa mzoefu na kuingiza mgeni ili tu hesabu ianze upya. Wenye kuendesha taasisi semeni: miaka mingapi?